Shajara ya mashua yetu: siku tano, usiku nne na kilo mbili za mchele

Wiki mbili kabla

Orodha ya kazi imeshuka kutoka 31 mpaka 6, na hizo sita ni zile sugu, zile ambazo kila wikiendi tunazitazama halafu tunaenda kufanya kitu kingine. Kwa kumbukumbu tu: chombo ni cha faiba, futi 28, mlingoti mmoja, tanga kubwa na tanga la mbele, injini ya dizeli ya silinda mbili imejificha nyuma ya ngazi ya kushukia chumbani, mkuku unashuka mita 1.4 chini ya maji. Tunacho mwaka na nusu sasa na nusu ya muda huo kimekaa nchi kavu juu ya magogo sisi tuko chini yake na msasa, vumbi mpaka kwenye kope.

Leo nimebadilisha impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachovuta maji ya bahari kuipooza injini. Cha zamani kimetoka na mabawa manne, kiliingia na sita. Mtu mvivu atatia kipya afunge kifuniko, lakini yale mabawa mawili hayajayeyuka, yako humo humo kwenye mabomba yanasubiri siku mbaya yazibe njia ya maji, injini ichemke na miamba iko pale mbele. Nimeyatafuta saa mbili nzima. Moja lilikuwa kwenye kona ya bomba, la pili kwenye mdomo wa kipoza joto. Kazi za injini ni zangu na si kwamba nazijua kuliko mume wangu, ni mkono wangu tu ndo unaingia kwenye ule upenyo, wake hauingii. Yeye kazi yake kunishikia tochi, na anaishika kama vile anatafuta kitu kingine kabisa.

Yeye kafunga pampu mpya ya ngama, yaani lile shimo la chini kabisa la chombo maji yanapojikusanya, pampu ile inayojiwasha yenyewe maji yakipanda, ina boya dogo linaloinua swichi. Tumeijaribu kwa ndoo mbili, imenyonya vizuri sana tukapeana mikono kama mafundi wa kweli. Kumbuka hii pampu, itarudi.

Mpango ni huu: siku tano, usiku nne, kulala chomboni usiku wote, maili kama 68 za bahari kwenda na kurudi, kila kitakachovunjika kivunjike karibu na nyumbani. Maili ya bahari ni mita 1852, na noti moja ni maili moja ya hiyo kwa saa, naandika hapa kwa sababu mwenyewe nilikuwa nachanganya mpaka juzi. Tumekubaliana zamu za unahodha, siku za witiri yeye, siku za shufwa mie, na neno la nahodha wa siku ndo la mwisho. Tutaona.

Siku ya 1. Nahodha: yeye. Maili 18

Tulipanga kuondoka saa tatu asubuhi, tumeondoka saa saba mchana. Usiulize. Maboya ya kuvaa yalikuwa chini ya magodoro, magodoro yalikuwa chini ya matanga, matanga yalikuwa na mume wangu juu yake akitafuta miwani aliyokuwa kaivaa.

Lakini injini ilipozimwa na tanga likajaa, basi jamani. Upepo ulitoka ubavuni, noti 12, chombo kikalala kidogo kikatulia na kinachosikika ni maji tu yanapita kwenye faiba. Tulifika noti 5.5 na mzee akawa anataka 7, anavuta kamba hii anaachia ile. Nikamwambia hesabu haikubali, sehemu ya chombo chetu inayogusa maji ni kama futi 23 na chombo kizito cha urefu huo kikifika noti 6 na kitu kinanasa kati ya mawimbi yake mwenyewe, wimbi moja limekiinua gubeti, yaani mbele, lingine shetri, yaani nyuma, na ukikilazimisha zaidi nyuma inazama. Akasema sawa mwalimu, akaendelea kuvuta kamba.

Baadaye upepo ukachoka, tukafika ghubani saa kumi na moja na nusu jioni. Maji yalikuwa yamekupwa hasa na kipimo kikasoma mita 4. Tukatia nanga, tukaachia mita 20 za mnyororo, mara tano ya kina, vitabu vingi vinasema mara tano, tukanywa chai tumekaa nje na jua linazama na tukajiona watu wa maana.

Saa tatu na dakika arobaini usiku alamu ya simu ikalia, ile unayoiwekea duara na chombo kikitoka nje ya duara inapiga kelele. Nilidhani ni simu imekosea. Nikatoa kichwa nje, mwezi mpevu mweupe pee, na lile jiwe kubwa ambalo jioni lilikuwa mbali sasa naona kome waliolishika.

Kosa lilikuwa letu na ni la hesabu ya darasa la tatu. Mwezi mpevu maana yake bamvua, maji yanapanda na kushuka sana, usiku ule yalikuwa yanapanda mita 3. Na hayapandi sawasawa, saa ya kwanza yanapanda kidogo, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, robo ya maji yote kila saa. Kwa hiyo wakati alamu inalia, saa nne baada ya kupwa, zile mita 4 zilishakuwa 6 na robo, ongeza mita moja kutoka maji mpaka gubetini ambapo mnyororo unatokea, maana nanga haijui habari ya usawa wa maji, inajua mnyororo unavutwa kutoka wapi. Mita 20 gawa kwa 7 na robo, hata mara tatu haifiki. Mnyororo ukisimama hivyo unaiinua nanga badala ya kuilaza, upepo ukaongezeka kidogo, nayo ikaanza kuburuza taratibu kama mtu anayeondoka sherehe bila kuaga.

Kuitoa na kuitia upya ilituchukua dakika arobaini na sehemu kubwa ya ndoa. Mie niko gubeti na mnyororo, yeye nyuma kwenye usukani na injini inanguruma katikati yetu. Nikapiga kelele "Rudisha! Rudisha!" yaani rudi nyuma, jiwe hilo. Yeye kasikia "Zidisha!" Akazidisha. Sitaandika nilichosema baada ya hapo ila mbele ya lile jiwe tulipita karibu kiasi cha kulipungia mkono. Tukatia nanga mara ya pili katikati ya ghuba, safari hii tukahesabu kina cha maji makuu, mita 7 na moja ya juu, nane mara tano arobaini. Mnyororo wetu ni mita 30 tu, kwa hiyo wote ulitoka na mita 10 za kamba inayofuata. Ikashika. Tumekaa nje tumejifunika blanketi mpaka maji yalipojaa, saa sita kasorobo, tukitazama miti ya ufukweni kama imehama. Haikuhama. Tulikuwa hatuongei lakini tulikuwa tumekaa blanketi moja.

Siku ya 2. Nahodha: mie. Maili 26, zilitakiwa kuwa 16

Asubuhi kabla ya kuwasha injini huwa nafungua ubao wa sakafu nanusa ngama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi ikatoka dirishani kama nyumbani, inashuka inakaa chini kwenye ngama kimya kimya inangoja cheche. Kwa hiyo kila tukimaliza kupika tunafunga valvu ya mtungi, na asubuhi nanusa. Gesi hamna, ila kulikuwa na maji, lita kumi na kitu. Hapo unafanya kitu ambacho mgeni akikuona atakukimbia, unachovya kidole unalamba. Ya chumvi, bahari inaingia. Yasiyo na chumvi, tangi lako linavuja. Hayakuwa na chumvi, nikashukuru, nikakuta kibano cha bomba la tangi kimelegea, bisibisi nusu dakika.

Sasa mpango mzuri ulikuwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi maji yakianza kujaa, maana pwani hii mkondo wa maji kujaa unakwenda tunakokwenda, saa sita za kubebwa bure. Lakini tulilala saa saba usiku, na nahodha wa siku, yaani mie, akaamua watu wapumzike. Tukaondoka saa tano. Uamuzi wangu, nimeubeba.

Rasi tuliifikia saa saba mchana, maji yameshageuka yanapwa, mkondo unatujia usoni na upepo nao unatujia usoni. Chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja kwenye upepo, unakwenda bisho, nyuzi 45 upande huu halafu unageuza nyuzi 45 upande ule, kwa hiyo maili 8 zilizobaki zingekuwa kama 11 hata bahari ingekuwa imelala. Na mkondo wa karibu noti 2 unakurudisha muda wote. Mnara mmoja ufukweni nimeuona mara nne nao haukusogea. GPS ilihesabu maili 18 kwa zile 8. Zuri moja tu, upepo na mkondo vilikuwa vinakuja upande mmoja kwa hiyo mawimbi yalilala, tungewahi tungekwenda mbio kweli lakini mkondo ungekuwa unagombana na upepo na hapo mawimbi yanasimama kama ngazi. Nimemwambia mzee hivyo ili nipunguze kesi. Hakununua.

Kosa la pili la nahodha: tanga. Upepo ulianza noti 12, ukawa 15, mume wangu akasema tulipunguze, yaani lishushwe kidogo lifungwe chini libaki dogo. Nikasema bado. Ukawa 17, akaniangalia tu. Ukaja upepo wa ghafla wa noti 21, chombo kikalala mpaka maji yakapita juu ya ukingo wa deki, usukani ukawa mzito kama unavuta ng'ombe, na chini chumbani nikasikia kitu kimetoka kwenye rafu kikagonga meza kikagonga sakafu, halafu ile sauti ndefu ya kumwagika, shhhhhhh.

Kopo la mchele. Kilo mbili. Mfuniko haukufungwa na mtu fulani ambaye siku hiyo hakuwa nahodha.

Tulipunguza tanga tukining'inia na kamba za usalama, ikachukua dakika kumi na mbili ambazo kwenye noti 15 zingekuwa nne. Na ajabu ni kwamba na tanga dogo chombo kilikwenda kasi ile ile, kimesimama wima zaidi na usukani ukawa unashikika kwa vidole viwili. Mzee hakusema kitu. Kunyamaza kwake kuna sauti.

Tumefika saa kumi na mbili jioni. Kabla hata ya kuingia ghubani tulikaa tukapanga ishara za mikono, hakuna kupiga kelele tena: mkono wa mbele uliyonyooka ni songa mbele, kidole gumba kinachoonyesha nyuma ni rudi, ngumi juu ni simama toa gia, mkono wa pembeni ni geuza upande huo. Na neno "rudisha" limepigwa marufuku chomboni. Nanga imeingia mara ya kwanza, mita 40, hakuna aliyefungua mdomo.

Mchele niliouona niliufagia. Uliopita kwenye nyufa za mbao za sakafu nikasema nitautoa kesho.

Siku ya 3. Nahodha: yeye. Maili 0

Tumekaa hapa hapa, nahodha kaamuru mapumziko na kwa mara ya kwanza wafanyakazi wote wameafiki.

Maisha ya ndani ya chombo, kwa anayedhani ni kukaa tu na miwani ya jua: kila kitu kiko chini ya kitu kingine. Ukitaka kitunguu inua godoro. Watu wawili hawawezi kupishana chumbani bila mmoja kukaa, kwa hiyo mmekuwa na lugha mpya, "napita", "kaa", "inuka", "miguu". Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari kwa ndoo halafu tunasuuza kwa kikombe kimoja cha maji ya tangi, tangi ni lita 120 na tumetumia kama 10 kwa siku sisi wawili, na hizo kumi na kitu zilizovuja ndo zinaniuma. Kuoga vilevile, unaruka baharini, unajipaka sabuni, unaruka tena, nusu lita ya mwisho ndo anasa yako.

Usiku wa pili hatukulala vizuri kwa sababu ya jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, inapigapiga mlingoti wa alumini tang tang tang tang, na mlingoti ni bomba tupu unapeleka sauti mpaka kwenye mto wa kulalia. Saa nane usiku mzee akatoka na chupi akaivuta pembeni akaifunga na waya wa ubavuni. Kimya. Kazi ya sekunde kumi tuliyoivumilia saa nne kwa sababu kila mtu alikuwa anangoja mwenzake aamke.

Na choo. Choo cha chomboni ni cha kupampu kwa mkono, unavuta maji ya bahari kusafishia. Mtu asikudanganye kina raha yoyote, isipokuwa hii moja: usiku ukiingia bila kuwasha taa, ukipampu, maji yanaingia yanametameta kijani, ni vile viumbe vidogo vya baharini vinavyotoa mwanga vikitikiswa. Nilimwita mume wangu aje kuona. Tukasimama wawili mlangoni pa choo saa tano usiku, mmoja anapampu mwingine anasema tena, tena.

Sasa umeme, hapa ndo kuna kazi ya kweli. Tuna betri mbili za asidi, ampea-saa 100 kila moja, lakini ukizishusha chini ya nusu unazifupisha maisha, kwa hiyo ukweli tuna 100 tu za kutumia. Friji inakula ampea 4 na inafanya kazi kama nusu ya muda, 48 kwa siku peke yake! Taa, simu, redio ya chaneli 16, ile ya kuitia msaada, inayokaa wazi, taa nyeupe ya juu ya mlingoti usiku kucha tukiwa tumetia nanga, vyote hivyo pamoja ni 15. Paneli ya sola ya wati 100 inarudisha 30 siku ikiwa nzuri. Tunapoteza 33 kila siku. Asubuhi ya leo kipimo kimesoma volti 12.3, na betri iliyojaa na kupumzika inasoma 12.7, nusu ni 12.2. Kwa hiyo kesho tungekuwa tunakula nyama ya betri. Friji imezimwa. Tumeibadilisha kuwa kabati, na kusema kweli kama kabati inafanya kazi nzuri kuliko ilivyokuwa friji.

Mzee alipika leo chini wakati chombo kinayumba, akatoka na rangi ya karatasi. Nimemkalisha nje atazame upeo wa bahari, ule mstari hauyumbi, macho na masikio yakikubaliana tumbo linatulia. Robo saa akarudi mtu. Wali umeungua. Ulikuwa wa mchele ule uliosalimika.

Ule mwingine wa chini ya mbao sikuutoa. Nilisema kesho.

Siku ya 4. Nahodha: mie. Maili 16

Upepo hamna kabisa, bahari kama sahani. Tumewasha injini na kuirudia rasi, safari hii alfajiri tukiwa tumeangalia kwanza mkondo unaelekea wapi, jamani hata mie najifunza. Noti 5, saa moja, saa mbili, injini inaimba, mzee yuko kwenye usukani, mie nje nashona kona ya tanga iliyofumuka.

Kwenye saa ya tatu nikashuka kuchukua uzi. Ndala yangu ilikuwa inaelea.

Nilisimama kwenye ngazi nikaitazama inapita taratibu kutoka jikoni kuelekea kitandani, na kwa sekunde kadhaa akili ilikuwa inatafuta sababu nyingine ya ndala kuelea. Halafu nikaita. Sikupiga kelele, niliita jina lake tu, kama kawaida, na yeye akasema baadaye hiyo sauti ya kawaida ndo ilimtisha.

Kidole, ulimi. Chumvi.

Tukatoa gia, injini ikabaki inanguruma bila kuzungusha shafti. Yeye akachukua ndoo akaanza kufua maji, mie nikazunguka kwenye kila tundu la chombo, maana matundu ya chini ya maji tunayajua kwa idadi: choo mawili, sinki moja, injini moja. Kila moja lina valvu na kila valvu tumeifungia kigingi cha mbao kwa uzi, ikivunjika unakigongea hapo hapo. Choo kikavu. Sinki kavu. Injini kavu. Likabaki tundu la tano ambalo halina valvu, pale shafti ya propela inapotokea nje.

Pale kuna pakini, kamba ya mafuta iliyozungushiwa shafti na kubanwa kwa nati kubwa. Haitakiwi kukauka kabisa, shafti ikizunguka inatakiwa kudondosha tone moja moja ipate kupoa, ikisimama isidondoshe kitu. Yetu bila kuzunguka ilikuwa inadondosha, na nilipomwambia aingize gia kidogo tone likawa uzi, uzi wa maji usiokatika. Saa tatu za uzi kama huo si mchezo. Tulifua ndoo tisa za lita 10.

Lakini swali lililokuwa linanichoma ni pampu. Pampu mpya, inajiwasha yenyewe, iko wapi? Nikaingiza mkono ngamani mpaka begani. Ilikuwa inatetemeka, masikini, mota inazunguka, kwa kelele za injini hatukuisikia. Nikaitoa na chujio lake. Mchele. Siku mbili umelala kwenye maji umevimba, umekuwa uji mweupe mzito umejaa kwenye kila tundu la chujio kama mtu kaukanda kwa makusudi. Niliukamua kwa ngumi ukatoka katikati ya vidole. Mume wangu akatazama ngumi yangu, akatazama ndoo yake, akasema, "Mama, lile kopo nani hakulifunga?" kwa sauti ndogo ya mtu anayejua jibu. Nikamwambia na nani alisema ataufagia kesho mara mbili. Tukaiacha sare.

Nati ya pakini nimeikaza kwa spana mbili, moja inashika moja inageuza, robo mzunguko tu, unaingiza gia, unatazama. Bado uzi. Robo tena. Matone ya haraka. Robo tena, na hapo tone moja kila sekunde tano au sita. Nikaacha. Ukizidisha pakini inasuguana na shafti inachemka inaila, kwa hiyo kila nusu saa mpaka tunafika nilikuwa naweka kiganja pale. Uvuguvugu, si moto. Redio ilikuwa tayari mkononi mwa mzee muda wote ule wa mwanzo, kidole kwenye kitufe, hakukibonyeza.

Tumefika kwenye ghuba ya usiku wa kwanza. Lile jiwe liko pale pale. Ngumi, kidole gumba nyuma, ngumi. Mita 40. Tumelala saa mbili usiku kama watoto.

Siku ya 5. Nahodha: yeye. Maili 18

Hamna cha kuandika na hiyo ndo raha yake. Upepo wa nyuma kidogo, noti 10, tanga la mbele peke yake kwa saa nzima kwa sababu hakuna aliyetaka kuinuka. Gatini tumeingia kimya, mikono tu, mzee mmoja aliyekuwa anavua pale akatuuliza kama tumegombana.

Wiki moja baadaye

Jumla maili 78 kwa GPS, dizeli lita 11, maji ya tangi kama lita 60 pamoja na yaliyovuja.

Orodha ya kazi sasa iko 19. Pakini mpya yote, si kukaza tu. Kengele ya maji ya ngama inayolia kwa sauti ya kushinda injini, na taa yake karibu na usukani, maana pampu inayojiwasha bila wewe kujua inakuficha ugonjwa. Chujio la pampu kubwa zaidi. Mnyororo mita 20 zaidi, hapa tunabishana, yeye anasema uzito gubeti utaharibu mwendo, mie nasema aje akae na lile jiwe. Friji, ama tuipe paneli ya pili ama tuitoe, mie naitaka itoke, pale panaingia makopo yenye mifuniko ya kukaza. Alama za rangi kwenye mnyororo kila mita 10, hii tumeshamaliza: nyekundu, nyeupe, nyekundu mbili.

Leo nimefungua mbao zote za sakafu nimeosha ngama kwa sabuni na brashi ya meno, nikanyonya kwa sponji, nikaikausha kwa taulo, nikapitisha tochi mara tatu, naye kaishika vizuri safari hii. Mchana tulipokuwa tunafunga begi akakohoa akanyoosha kidole. Kwenye kona nyuma ya mbavu ya tatu, punje nne, na moja imeanza kuota ukungu.